Mbane mhusika wako: namna ya kuandika mtu anayeaminika kwenye filamu

Fungua muswada wa mwandishi anayeanza, ukurasa wa kwanza, na mara nyingi utakuta sentensi ya namna hii: "ZAITUNI, 46, mama mpole, mchapakazi, mcha Mungu, anayeipenda familia yake." Mpiga picha akiisoma anabaki na swali moja: kamera niielekeze wapi? Upole hauna sura. Mwandishi wa riwaya anaweza kuingia kichwani mwa mtu akakaa humo kurasa tatu. Mwandishi wa filamu amepewa vitu viwili tu, kinachoonekana na kinachosikika, na nafasi yake ni finyu: ukurasa mmoja wa muswada uliopangwa kwa mtindo wa kawaida, herufi za Courier ukubwa wa 12, ni takriban dakika moja ya filamu.

Hapa tutamchukua huyo huyo Zaituni na kumjenga upya kwa ajili ya filamu fupi ya dakika 15. Ni mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha wanawake 22, Tandika, Dar es Salaam. Ametumia fedha za wenzake.

Anataka nini, na mwisho lini

"Anataka maisha bora" si lengo la mhusika wa filamu. Lipime lengo kwa swali hili: je, unaweza kuipiga picha sekunde anayolipata? Zaituni anatakiwa kurudisha shilingi 1,400,000 kabla ya Jumamosi saa kumi jioni, kikoba kitakapovunjwa wanachama wagawane. Kuna kiasi, kuna siku, kuna saa. Ukiiondoa hiyo Jumamosi, mhusika anaanza kuzurura; leo yuko sokoni, kesho kwa shoga yake, na wewe unalazimika kuingiza mganga au ajali ya gari ili jambo litokee.

Chini ya lengo kuna kitu ambacho mwenyewe hakioni. Zaituni hawezi kuomba msaada, kwa sababu anaamini anayeomba hudharauliwa. Ipe imani hiyo chanzo kimoja: kwenye msiba wa mumewe, shemeji alilisoma daftari la rambirambi hadharani, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi, na baada ya hapo mtaa ukawa unajua Zaituni alizikiwa mume kwa fedha za nani. Chanzo hicho ni chako na cha mwigizaji. Usikirudishe kwenye filamu kwa picha za kumbukumbu zenye ukungu na kinanda. Onyesha kilichobaki: leo Zaituni ndiye wa kwanza kutoa mchango kwenye kila msiba, na hataki jina lake lisomwe.

Chanzo kimoja kinatosha kabisa. Waandishi wengi hurundika: yatima, akanyanyaswa na mama wa kambo, akafukuzwa shule, akapata saratani. Mtazamaji anaacha kumwonea huruma mtu huyo na kuanza kuhesabu mikosi.

Nenda ukakae kikaoni

Kabla ya kuandika sini yoyote, yaani onyesho moja la filamu, tafuta kikoba kinachokubali ukae pembeni kwa vikao viwili. Cha kwanza kila mtu atakuwa anakuigizia wewe. Cha pili watakusahau. Usiende na kamera. Nenda na daftari, na uandike mikono inafanya nini, nani anakaa karibu na mlango, nani anacheka kabla ya kulipa deni.

Halafu zungumza na watu watatu: anayefanya kazi hiyo, anayemtegemea, na anayegombana naye. Kwa mweka hazina maana yake ni yeye mwenyewe, mtoto wake mkubwa, na mwanachama aliyewahi kupigwa faini. Maswali ya "unajisikiaje" hayazai kitu. Uliza: mara ya mwisho hesabu zilipogoma mlifanyaje? Nani aliondoka kwa hasira? Fedha ulizifunga wapi njiani?

Utafiti unalipa hapa. Mwandishi aliyekaa nyumbani ataandika kwamba Zaituni alifungua sanduku usiku akachota. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vinatumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo wanachama watatu tofauti, sanduku linalala kwa mtu mwingine, na halifunguliwi ila mbele ya kikao, watu wawili wakihesabu kwa sauti. Wizi wa usiku hauwezekani, na kila mwanamke aliyewahi kuwa kwenye kikoba atalijua hilo dakika ya tatu na kuizima filamu yako.

Lakini ukikaa kikaoni utaona mlango mwingine. Mwanachama aliyesafiri au aliyebanwa hutuma rejesho kwenye simu ya mweka hazina. Mweka hazina anasema, "Nitazitoa zote kwa mpigo, tuokoe makato." Wote wanakubali, kwa sababu ni hoja ya maana. Wanachama saba, miezi miwili, na fedha hazijaingia sandukuni. Hakuna kufuli iliyovunjwa. Hilo ni kosa ambalo mtu mwadilifu anaweza kulifanya hatua kwa hatua, akijiambia kila wiki kwamba wiki ijayo atarudisha.

Na kwa nini alizitumia? Mwanawe aliangusha bodaboda ya mkataba. Zaituni akachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonga, wa 600,000 ili pikipiki itengenezwe kabla mwenye chombo hajajua, deni likavimba, akaanza kuliziba kwa marejesho ya wenzake. Kila hatua ina sababu ambayo hata wewe msomaji ungeweza kuifuata.

Tahadhari moja: usimhamishe mtu halisi kutoka kikaoni hadi kwenye muswada akiwa mzima. Chukua mikono ya mmoja, kauli ya mwingine, tatizo la wa tatu, na ubadilishe mtaa. Ukikosa kufanya hivyo utapoteza urafiki, na pengine utaitwa serikali ya mtaa.

Sifa mbili zinazogombana

Shuleni tulifundishwa wahusika bapa, wa sifa moja tu, na wahusika duara, na wengi wetu tulitoka na wazo kwamba mhusika duara ni yule "anayebadilika". Kabla hajabadilika awe kwanza na mambo mawili ya kweli yasiyopatana ndani yake, na yote mawili yawe yanamgharimu. Zaituni ni mkali wa faini. Aliyechelewa analipa mia tano, awe wifi yake au mama mtu mzima. Zaituni huyo huyo hawezi kumwona mtu akiaibika mbele za watu. Sasa mweke mahali ambapo lazima afanye yote mawili kwa wakati mmoja:

UANI KWA ZAITUNI, TANDIKA. NJE. ALASIRI

Wanawake wameketi mkekani. Katikati, sanduku la chuma, kufuli tatu. ZAITUNI (46), kanga zilizofuliwa hadi maua yamefifia, ana daftari pajani. MAMA KURUTHUMU (58) anaingia akihema. Macho yote yanahamia kwenye saa ya ukutani.

ZAITUNI: Shikamoo, Mama Kuruthumu.

MAMA KURUTHUMU: Marahaba, mwanangu. Daladala leo...

ZAITUNI (anaandika): Dakika kumi na mbili. Mia tano.

Mama Kuruthumu anapapasa pindo la kanga yake. Tupu. Zaituni anafungua pindo lake mwenyewe, anatoa sarafu, anaidondosha kwenye bakuli la faini bila kuinua macho.

ZAITUNI: Imeingia. Tunaendelea na hisa.

Simu iliyo chini ya goti lake inatetemeka. Anaikandamiza kwa goti mpaka inyamaze.

Nusu ukurasa, nusu dakika hivi. Hakuna aliyesema Zaituni ni mkali, wala mpole, wala kwamba ana siri. Angalia pia kwamba maelezo ya mhusika anapoingia ni jina, umri na kitu kimoja kinachoonekana, yaani kanga iliyofifia. Mistari miwili inatosha kumtambulisha mtu yeyote. Urefu wake, rangi yake na umbo lake viache, isipokuwa kama hadithi inavitegemea. Ukiandika "mrefu, mweupe, mwenye mwanya" utakuwa umewafukuza waigizaji wazuri kabla ya usaili.

Wanaomzunguka wawe na haki zao

Mhusika msaidizi aliyewekwa ili aseme "pole shoga" hana kazi. Mpe kitu anachokitaka kutoka kwa mhusika mkuu na uwezo wa kumkatalia. Kufuli tatu zimekupa wasaidizi watatu bila jasho, wale wenye funguo. Mama Kuruthumu anasubiri mgao anunue bati kabla ya masika. Salma, wifi wa Zaituni, anautaka uweka hazina mwakani. Neema, muuguzi mstaafu, anataka daftari lisome sawasawa, lakini hapendi mtu adhalilishwe. Watu watatu, Jumamosi moja, na kila mmoja anaweza kumwangusha Zaituni kwa sababu yake.

Ukiona wasaidizi wawili wanataka kitu kilekile, waunganishe wawe mmoja. Filamu ya dakika 15 inabeba vizuri wahusika wanne au watano wenye maneno. Kila unayemwongeza ni nauli, chakula na nguo, mbali na dakika anazokula.

Aliye upande wa pili ndiye anayeharibiwa mara nyingi zaidi. Tumemzoea: miwani meusi, kicheko kirefu, simu mbili mezani. Mwenye kausha damu wako asiwe huyo. Mfanye afisa mikopo wa miaka 24, kijana aliyemaliza chuo akakosa ajira, anayelipwa kwa kadiri anavyokusanya. Anafika saa kumi na mbili asubuhi, anavua viatu mlangoni, anasema, "Shikamoo mama." Anasubiri marahaba. Kisha anaketi, na haondoki. Adabu yake inatisha kuliko kelele, na ukiongeza mstari mmoja ambapo bosi wake anampigia naye anajibu kwa sauti ya kutetemeka, mtazamaji atamwelewa bila kumsamehe.

Salamu, majina na vinavyofichwa

Kwa Kiswahili, nusu ya uhusiano wa watu wawili imo kwenye namna wanavyoitana, na ni kitu ambacho miswada mingi inakitupa kwa kumpa kila mtu jina la kwanza. Mwanamke mwenye mtoto mtaani ni Mama Fulani. Wifi anaweza kuitwa "wifi" mambo yakiwa mazuri na kuitwa kwa jina lake yakiharibika. Badiliko hilo moja linafanya kazi ya mistari mitano ya ugomvi. Shikamoo iliyocheleweshwa ni taarifa. Marahaba iliyotolewa bila kugeuza uso ni taarifa kubwa zaidi.

Kila mhusika aongee Kiswahili cha alikotoka. Mtu wa Mombasa atasema "yuwaja" pale wa Dar anaposema "anakuja". Aliyekulia Kanda ya Ziwa ataponyokwa na "anaendaga". Wa Goma atashukuru kwa "aksanti". Tumia alama moja au mbili kwa mtu, basi. Ukimjazia lafudhi kila neno anageuka kichekesho, na kama hujawahi kuishi na watu hao, mpe mwenyeji asome kabla ya mwigizaji.

Mistari isizidi mitatu kwa mtu kabla ya mwingine kuingia, ila pale unapokusudia hotuba. Na futa mazungumzo ya kumweleza mtazamaji kile ambacho waongeaji wote wawili wanakijua. "Salma, wewe ni mdogo wa marehemu mume wangu aliyefariki miaka sita iliyopita" haijawahi kusemwa na binadamu yeyote kwa wifi yake. Picha ya marehemu ukutani na Salma akiinyoosha anapopita inamaliza suala.

Pia usisahau kwamba pwani watu huongea hata kwa nguo. Uvumi ukianza kwamba kuna fedha hazionekani, Salma anaweza kuja kikaoni amejifunga kanga iliyoandikwa "Mdhaniye ndiye siye", akakaa mbele kabisa, asiseme lolote jioni nzima. Mwambie mtu wa mavazi mapema. Kanga ya maandishi unayoyataka haipatikani asubuhi ya kurekodi.

Jaribio la mazungumzo ni jepesi. Ziba majina ya waongeaji kwenye kurasa tatu na umpe mtu asome. Akishindwa kujua nani kasema nini, wahusika wako wote ni wewe mwenyewe umevaa nguo tofauti. Kisha jirekodi kwa simu ukisoma kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi itamkata na mwigizaji.

Ngazi ya maamuzi

Sasa panga anachofanya. Kwa dakika 15, maamuzi matano au sita, kila moja likimgharimu zaidi na likimuumiza mtu wa karibu zaidi kuliko lililotangulia. Kwa Zaituni ngazi inaweza kuwa hivi:

1. Anadanganya kikao kwamba mtandao unasumbua, atazitoa fedha wiki ijayo.
2. Anaweka rehani friji anayogandishia barafu za kuuza, anapata 400,000, zinaishia kwa afisa mikopo.
3. Anakwenda kwa Neema kumwambia ukweli. Anafika, anakunywa chai, anaondoka bila kusema.
4. Mama Kuruthumu alituma rejesho la 300,000 kwa simu ya mjukuu, na ujumbe umefutika. Zaituni analiandika kuwa halijafika.
5. Jumamosi, kikao kinamgeukia Mama Kuruthumu. Zaituni ameshika daftari.
6. Anasema. Na baada ya kusema, kwa mara ya kwanza, anaomba.

Hatua ya nne ndiyo hatari, kwa mhusika na kwako. Hapo mtazamaji yuko tayari kumkana Zaituni. Kinachomzuia ni ile sarafu ya mia tano tuliyoiona mwanzoni, iliyotolewa kwa ajili ya mama huyo huyo. Ukiihamisha sarafu ije baada ya hatua ya nne, inasomeka kama hongo. Ndiyo maana mpangilio wa sini ni sehemu ya ujenzi wa mhusika.

Hatua ya tatu inaonekana haina kitu, na mhariri mwenye haraka ataomba ikatwe. Ing'ang'anie. Inaonyesha mlango uliokuwa wazi, na inaufanya uamuzi unaofuata kuwa wake, si wa mikosi.

Na asibadilike kwa mahubiri. Filamu nyingi zetu humaliza kwa mtu mwovu kusikia neno moja la shehe au mchungaji, akalia, akawa mwema. Mtu hubadilika baada ya njia alizozizoea kumwishia. Hesabu njia za Zaituni: uongo, rehani, kumtupia mwingine. Zote zimekwisha kabla hajafumbua mdomo.

Pale panapoharibika

Stelingi hafi. Mazoea haya yanamfanya mhusika mkuu asikosee, asishindwe, asichekwe. Kama kwenye muswada wako hakuna sini ambayo mhusika mkuu ndiye mwenye makosa, rudi kwenye ngazi.

Machozi. Mhusika akilia mara nne, mtazamaji hana sababu ya kulia. Mruhusu mara moja, au asilie kabisa na mkono ndio umsaliti. Wala usiandike "(kwa huzuni)" juu ya kila mstari. Mwigizaji mzuri ataona umemnyang'anya kazi yake.

Bahati. Ikimwingiza mhusika kwenye tatizo, inakubalika. Ikimtoa, mjomba akatokea Muscat na mfuko wa fedha, umemfuta mhusika wote uliyemjenga.

Kwa tamthilia ya sehemu nyingi kuna ugonjwa wake: mhusika anasahau. Sehemu ya 4 aliapa hatakanyaga kwa wifi yake, sehemu ya 11 yuko jikoni kwake anakaanga, kwa sababu mwandishi alikuwa mwingine. Wekeni daftari moja la kila mhusika lenye safu nne: anajua nini hadi sasa, anamficha nani nini, anadaiwa na nani, na ameapa nini. Lijazwe kila sehemu inapokamilika, kabla ya waandishi kugawana zinazofuata.

Mpaka kwa mwigizaji

Kwenye usaili usimpe mwigizaji sini ya kilio, wengi wanaiweza. Mpe ile ya chai kwa Neema, asiyosema kitu, na umtazame anafanya nini na kikombe. Baada ya kumpata, mpe karatasi moja tu: anachotaka, anachokiamini, kilichotokea msibani, na anaodaiwa nao. Wasifu wa kurasa kumi hausomwi.

Kisha wakusanye wote wasome muswada mezani, mwanzo hadi mwisho, bila kuigiza, na wewe ukae kimya na kalamu. Mstari ambao mwigizaji anaugeuza bila kujua mara mbili, uandike alivyousema yeye. Akiuliza "kwa nini hapa siondoki?" nawe ukajikuta unajibu kwa "kwa sababu hadithi inataka", simamisha usomaji, sini hiyo haiko tayari, na ni nafuu kuirekebisha mezani kuliko mchana wa kurekodi, jenereta ikiwa inanguruma na mwenye nyumba akiuliza mnaondoka saa ngapi.